Barabara za Mafia Juu ya Baiskeli

Mtu akitaka kujua historia ya mahali huambiwa asome vitabu au aulize wazee. Ushauri huo ni mzuri, nami siupingi. Lakini kwa kisiwa chetu cha Mafia naongeza njia ya tatu, nayo ni kupanda baiskeli na kufuata barabara mpaka mwisho wake. Barabara ni kama hati iliyoandikwa juu ya ardhi. Ukiiuliza inatoka wapi, inakwenda wapi, na ilimpita nani bila kumjali, itakuambia ni nani aliyekuwa na nguvu siku ilipokatwa.

Ndugu wasomaji, shule yetu imewakusanya vijana wa mikoa mingi, na wale wa Uluguru, Usambara na Rungwe hawaachi kututania sisi watu wa pwani. Wanasema mtu asiyepata kuisukuma baiskeli mlimani, kisha akaiachia iteremke mpaka mtoni, hajui baiskeli ni kitu gani. Ni kweli kwamba Mafia haina milima. Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 50 hivi na upana wa kama 15, na mahali pake pa juu kabisa hapafiki hata mita 100 kutoka usawa wa bahari. Mto wetu mkubwa ni Rufiji, nao uko bara, ng'ambo ya mlango wa bahari. Hata viboko wanaoishi katika mabwawa ya Mafia husemekana kuwa wazee wao walichukuliwa na maji ya Rufiji wakati wa mafuriko, wakaogelea mpaka kwetu.

Hata hivyo tusidhani kwamba njia iliyo tambarare ni njia rahisi. Mlima wetu ni mchanga, upepo na matope. Mchanga mwepesi humeza gurudumu, na mwendeshaji asiyepunguza upepo kidogo katika matairi ili yatanuke, atashuka na kusukuma. Wakati wa Kusi, anayetoka kaskazini kwenda Kilindoni hupigwa na upepo usoni safari nzima. Wakati wa Kaskazi mambo hugeuka. Mvua nazo si haba, kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka, na masika yakiingia mabonde ya mpunga ya upande wa kaskazini hujaa maji na njia hugeuka utelezi. Juu ya yote hayo kuna chumvi ya bahari inayokula mnyororo na njiti. Kwa hiyo mtu wa Mafia huhesabu safari yake kwa msimu kwanza, ndipo kwa kilomita.

Sasa tuingie katika historia yenyewe.

BAHARI NDIYO ILIYOKUWA BARABARA

Kwa karne nyingi Mafia haikuhitaji barabara ndefu. Miji yake mikubwa ilikaa pembeni, ikitazama majini. Kisimani ilikuwa kwenye rasi ya magharibi, ikielekea bara na Kilwa. Habari za kale za Kilwa zinaitaja Mafia kuwa miongoni mwa nchi zilizotawaliwa na ukoo wa masultani wa huko. Kua ilikuwa juu ya kisiwa cha Juani, upande wa kusini-mashariki, na magofu yake ya misikiti na nyumba za mawe yapo hata leo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliivamia Kua kwa ngalawa zao, na mji ule haukuinuka tena.

Baada ya Kua, nguvu ilihamia kisiwa kidogo cha jirani kiitwacho Chole. Huko walikaa Waarabu wenye mashamba ya minazi, na mashamba yenyewe yalikuwa kisiwa kikuu, yakilimwa na watumwa. Hebu tazama jambo hili vizuri. Mwenye mali alikaa Chole, na mali yake ilikuwa ng'ambo. Njia za wakati huo kwa hiyo zilikuwa fupi: kutoka shambani mpaka ufukoni, basi. Nazi ilibebwa kichwani au juu ya punda, ikaingia chomboni. Mtu wa Kanga, kule kaskazini, hakuwa na sababu kubwa ya kutembea mpaka kusini ila kwa arusi au msiba.

MJI WAHAMA

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi ambazo hazikuwa zao. Mafia, iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, iliangukia upande wa Wajerumani pamoja na pwani ya bara, na Sultani akalipwa marki milioni 4. Wajerumani wakaweka boma lao Chole, kwa kuwa ndiko utawala wa kisiwa ulikokuwa. Kule kaskazini kabisa, Rasi Mkumbi, wakajenga mnara wa taa kuongoza meli. Mwaka 1895 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alikuja kukikagua kisiwa na kukichorea ramani, na kitabu chake juu ya Mafia kilitoka mwaka uliofuata.

Kisha mwaka 1913 Wajerumani walifanya jambo lililogeuza uso wa kisiwa kizima. Walihamisha makao ya utawala kutoka Chole kwenda Kilindoni, upande wa magharibi, mahali ambapo meli za moshi ziliweza kufika kwa urahisi zaidi. Jina lenyewe linatokana na kilindi, yaani maji ya kina. Uamuzi ule ulifanywa kwa faida ya meli, wala si kwa faida ya mtembea kwa miguu. Lakini tangu siku ile kila mwenye kesi, kodi, ugonjwa au mbata za kuuza alilazimika kuelekeza uso wake Kilindoni, awe anatoka Bweni, Jibondo au Baleni. Ukiitazama ramani ya leo utaona barabara zote kubwa zinakutana pale. Hiyo si kazi ya maumbile. Ni kazi ya mwaka 1913.

Wajerumani wenyewe hawakuufaidi mji wao mpya kwa muda mrefu. Januari 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa King's African Rifles walishuka pwani ya Kisimani, wakapigana na Wajerumani Ngombeni na kukiteka kisiwa. Kilichowavutia Waingereza ni manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikono ya Rufiji. Walitengeneza kiwanja cha ndege Mafia, na mwezi Julai ndege zikaruka kutoka kisiwani kwetu kuelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani waliizamisha manowari yao wenyewe baada ya kuharibiwa vibaya. Mafia ikabaki mikononi mwa Waingereza, kwanza ikitawaliwa kutoka Zanzibar, mpaka mwaka 1922 ilipounganishwa na Tanganyika.

BAISKELI YAINGIA

Umri wa baiskeli tunayoijua sisi unakaribiana na umri wa utawala wa kigeni. Baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuvuta gurudumu la nyuma ilitengenezwa na John Kemp Starley, Coventry, mwaka 1885. Tairi la upepo lilibuniwa na John Boyd Dunlop mwaka 1888, miaka miwili tu kabla ya mkataba ule wa kugawana nchi. Kwa hiyo vitu hivi viwili, bendera na baiskeli, vilizaliwa wakati mmoja na vyote vilitoka Ulaya. Tofauti yake ni kwamba bendera ilikuja kuwachukua watu, na baiskeli ilikuja kuchukuliwa na watu.

Chini ya Waingereza mashamba makubwa ya minazi yaliendelea, hasa kusini, yakimilikiwa na Waarabu, Wahindi na Wazungu. Njia za magari zilitengenezwa ili mbata zifike Kilindoni, zipakiwe. Upande wa kaskazini, ambako wananchi walilima mpunga na mihogo yao na kumiliki minazi yao midogo midogo, njia zilipewa kipaumbele cha mwisho. Hapo ndipo baiskeli ilipofanya kazi yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwananchi aliyeuza mbata kwa bei nzuri alianza kuwazia kitu kilichokuwa fahari ya kijiji kizima: Raleigh nyeusi kutoka Nottingham, yenye breki za vyuma, kengele na keria nzito nyuma. Alipa ada ya halmashauri, akafunga kibati cha leseni, akawa mtu wa mwendo.

Tusiidharau baiskeli ile. Ilibeba mapakacha ya nazi, magunia ya mpunga, matenga ya samaki na pweza, bwana arusi, maiti wa mbali, na habari. Mchuuzi wa samaki aliyepakia alfajiri pwani ya mashariki aliweza kufika vijiji vya ndani kabla samaki hajaharibika. Kwa miguu hakuweza. Maana yake ni kwamba bei ya samaki na afya ya watoto wa vijijini vilitegemea pedeli. Na kwa kuwa baiskeli haihitaji zaidi ya upana wa dhiraa moja, ilikata njia zake yenyewe kati ya kijiji na kijiji, ikipita katika mashamba, kando ya visima na nyuma ya misikiti, bila kwenda Kilindoni kwanza. Njia hizo hazikuwa na mkandarasi wala ramani. Ndizo pekee zilizochorwa na wenyeji kwa haja za wenyeji.

NJIA YA KASKAZINI

Njia ninayoifahamu zaidi ni ile itokayo Kilindoni kupitia Baleni, Kirongwe na Kanga hadi Bweni, karibu kilomita 50, na kutoka Bweni unaendelea kidogo mpaka kwenye mnara wa Rasi Mkumbi. Mimi ni mtoto wa njia hiyo. Ndiyo iliyonileta shuleni.

Vijana wa leo pengine hawajui kwamba wakati wetu kisiwa kizima hakikuwa na shule ya sekondari. Mtoto akichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, alivuka bahari. Mwaka 1979 nilipochaguliwa, mjomba wangu alilifunga sanduku langu la bati juu ya keria kwa kamba ya usumba, nami nikakaa mbele kwenye mtaimbo wa fremu. Tuliondoka Kanga kabla ya adhana ya alfajiri. Ilikuwa Januari, Kaskazi inavuma, upepo ukawa mgongoni kwetu, na mjomba alisema kwamba Mungu amenikubalia kusoma. Mahali penye mchanga tulishuka sote wawili. Jua lilipopanda tulikuwa Kilindoni, na usiku ule nikaingia jahazini. Katika wanafunzi wa umri wangu kijijini, waliochaguliwa wengine walikuwepo, lakini si wote waliokuwa na mjomba mwenye baiskeli, na si wote waliofika.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki, kama wenzangu wa rika langu mnavyokumbuka. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni, bei ya mafuta ilipanda, na madukani hapakuwa na kitu. Kabla ya hapo, wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa kati ya 1970 na 1975, bidhaa za Kichina zilikuwa tele, kwani sehemu ya gharama za ujenzi ililipwa kwa mauzo ya bidhaa hizo, na baiskeli aina ya Phoenix kutoka Shanghai ikawa jina la nyumbani. Nchi yetu nayo ikatengeneza baiskeli yake, Swala. Lakini miaka ya mwanzo ya 1980 hata mwenye baiskeli nzuri alikosa tairi. Mjomba alipokosa mpira wa ndani alisokota makumbi ya nazi, akayashindilia ndani ya tairi mpaka likawa gumu, akaendelea na safari. Mnyororo aliupaka mafuta ya nazi kuukinga na chumvi. Baiskeli ya Kichina ikatembea kwa mnazi wa Mafia.

Kwa baiskeli ileile alimchukua shangazi yangu usiku mmoja wa masika, uchungu umemshika, kumpeleka hospitali ya Kilindoni. Walifika Kirongwe tu. Mtoto alizaliwa kwenye baraza ya watu waliowafungulia mlango, akaishi, na leo ana watoto wake. Wanawake wengine wa kaskazini hawakuwa na bahati hiyo. Ninapowaambia kwamba barabara ni hati, nina maana hiyo. Umbali uliowekwa mwaka 1913 kwa faida ya meli ulikuwa bado unalipwa na wanawake wa Bweni na Kanga miaka 70 baadaye.

LAMI NA PIKIPIKI

Mambo yamebadilika sana, na mengi kwa heri. Mpango wa shule za sekondari za kata, ulioshika kasi tangu mwaka 2006, umewaletea watoto wa Mafia elimu ya sekondari kisiwani kwao. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya namna yake nchini, yenye ofisi zake Utende, na wageni wakaongezeka. Katika miaka ya 2010 barabara ya Kilindoni hadi Utende, kama kilomita 14, iliwekwa lami. Ni safari ya raha kwa baiskeli: unapita katikati ya minazi, unafika ghuba ya Chole, unavuka kwa mashua na baiskeli yako, na huko Chole unaendesha taratibu penye magofu ya boma la Wajerumani yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti. Kwa saa moja na nusu hivi umesafiri kutoka mji mkuu wa pili mpaka mji mkuu wa kwanza.

Lakini msomaji aliyefuatana nami mpaka hapa atajiuliza swali la kihistoria: kwa nini lami ilianza Utende, ikaiacha Bweni na changarawe kwa miaka mingi? Jibu silo la siri. Utende ndiko kwenye hoteli. Siwalaumu wageni, kwani wanaleta ajira na fedha. Nasema tu kwamba mkono uliochora ni uleule. Zamani barabara ilifuata mbata, baadaye ikamfuata mgeni, na mkulima wa mpunga amekuwa wa mwisho kila mara.

Siku hizi pikipiki zimeenea, na mgonjwa wa Kanga hafungwi tena juu ya keria. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo pikipiki hufuata barabara kubwa, nayo barabara kubwa hurudi Kilindoni. Zile njia nyembamba za kati ya kijiji na kijiji zinaota majani. Watu wa kisiwa wameongezeka kutoka zaidi ya 46,000 katika sensa ya mwaka 2012 hadi zaidi ya 66,000 katika sensa ya mwaka 2022, na ardhi inagawanywa. Njia isiyopitwa kwa miaka mitatu minne huwekewa ua, na baada ya hapo hakuna anayeweza kudai kwamba iliwahi kuwapo, kwa sababu haikuandikwa popote. Ikipotea, utapotea ushahidi kwamba wenyeji nao walipata kuchora nchi yao wenyewe.

Njia hizo bado zina kazi. Kila asubuhi wapo wanafunzi wanaokwenda shule kwa baiskeli, na siku hizi wamo wasichana waliovaa sare, jambo ambalo wakati wangu lilikuwa nadra, kwani msichana alikaa nyuma na kuendeshwa. Nauli ya pikipiki ya kila siku haiwezekani kwa mzazi mwenye watoto wanne. Njia ya mkato yenye kilomita 4 ikifungwa, naye akalazimika kuzunguka kilomita 9 kwa barabara kubwa, huenda msichana yule akabaki nyumbani. Ndivyo historia inavyoingia darasani bila kubisha hodi.

Kwa hiyo nina ombi kwenu wanafunzi mlio shuleni sasa, hasa mnaotoka Mafia, ingawa hata wa milimani linawahusu. Likizo ijayo chukua baiskeli na daftari. Chagua njia moja ya zamani kijijini kwenu, ipite yote, kisha mtafute mzee anayeijua umuulize mambo matatu: nani waliitumia, walibeba nini, na ilikuwa ikiitwaje. Andika tarehe. Chora ramani yake kwa mkono, ukionyesha visima, miembe na misikiti. Nakala moja mpe mwenyekiti wa kijiji aiweke pamoja na kumbukumbu za ardhi, na nyingine mletee mwalimu wako wa historia. Fanya hivyo mapema, maana wazee waliozikata njia zile kwa Raleigh zao sasa wanahesabika kwa vidole. Mjomba wangu yungali hai, ingawa hapandi tena baiskeli, na bado anakumbuka jina la kila kichochoro kati ya Kanga na Kirongwe.